Waliocheka, na Walionyamaza

Jioni ya tarehe 11 Januari 1935 wenye elimu ya nyota walikutana mjini London. Kijana mmoja Mhindi mwenye miaka 24, jina lake Subrahmanyan Chandrasekhar, alisimama kuwaeleza hesabu zake. Alikuwa amegundua jambo geni: nyota iliyokwisha kuwaka, ikiwa uzito wake wapita uzito wa jua letu karibu mara moja na nusu, haiwezi kutulia, huzidi kujikunja. Akaketi. Ndipo akasimama Arthur Eddington, mwenye sifa kuliko wote pale, akasema kwamba lazima iwepo sheria ya kuizuia nyota isifanye upuuzi kama huo. Watu wakacheka.

Tazameni vema ubaya ulipo. Kukataa hesabu ya mwenzako si dhambi. Elimu yote huendelea kwa kukataliana. Lakini kwa muda mrefu Eddington alikuwa akimtembelea kijana huyo chumbani mwake kule Cambridge, akimwuliza kazi imefika wapi, hata akamsaidia kupata mashine ya kuhesabia. Hakumwonya kwamba atampinga. Alingoja mkutano. Neno lililoweza kusemwa mezani, watu wawili tu, kama Bwana wetu alivyoagiza katika Injili ya Matayo sura ya 18, alilifanya mchezo wa kuwachekesha wakubwa.

Tena mtu huyo hakuwa mwovu wa hadithi. Alikuwa wa dini ya Quaker, mtu wa sala. Padri Georges Lemaître wa Louvain, aliyeandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unapanuka, alikuwa amesoma kwake mwaka 1923 na 1924. Naye Eddington ndiye aliyefanya kazi ile ya padri ichapwe kwa Kiingereza mwaka 1931. Mkono uleule ulimwinua mmoja, ukamwangusha mwingine. Kwa hiyo nikiambiwa, "Profesa fulani ni mtu mwema, hawezi kumwonea mtu," siridhiki. Anaweza.

Lakini mimi nawasikitikia zaidi wale waliokaa vitini. Wakubwa wengine wa elimu, kama Wolfgang Pauli, walijua kwamba kijana hakukosa. Walimwambia hivyo kwa siri; hadharani hawakutaka kufungua kinywa. Mwaka 1937 Chandrasekhar akaenda kufanya kazi katika chuo kikuu cha Chicago, na alipokwisha kuyaandika mambo yale katika kitabu, mwaka 1939, akageukia kazi nyingine. Tuzo la Nobel alilipata mwaka 1983. Eddington alikuwa amekufa tangu 1944.

Kwa nini uonevu hukaa raha hivi mahali pa elimu? Seremala akitukanwa na bwana wake huchukua randa yake, akaenda kwa bwana mwingine. Mwanafunzi wa udaktari hawezi. Profesa mmoja ndiye anayemgawia kazi, anayeshika fedha za labo, anayeamua jina la nani litangulie katika kazi inayochapwa, na mwishoni ndiye mwenye kuandika barua ya kumsifu. Akitoka mwaka wa nne, atoka mikono mitupu. Basi anatukanwa mbele ya wenzake, anaitwa usiku, matokeo yake yanachukuliwa, naye ajibu, "Ndiyo, Profesa."

Wala hao si wachache. Mwaka 2020 mfuko wa Wellcome wa Uingereza, unaolipia kazi za elimu ya utabibu, ulitangaza majibu ya watafiti zaidi ya 4,000. Katika kila 100, watu 43 walisema wamepata kuonewa ao kusumbuliwa, na 61 walisema wameona wengine wakitendewa hivyo. Mfuko huo ulishika dawa ninayoisifu: tangu 2018, mkubwa akihakikishwa kuwa mwonevu aweza kunyimwa fedha. Mwaka uleule mmoja wa London alipoteza pauni milioni 3.5. Maonyo yalikuwapo zamani, lakini fedha husikika hata na viziwi.

Huku kwetu wazazi huja wakisema, "Katekista, mtoto wetu wa universite anataka kuacha labo. Mwambie avumilie, nasi tumekwisha kuuza ng'ombe." Uchungu wa ng'ombe naujua. Lakini kabla ya kumhubiria uvumilivu, mwulizeni. Je, anaonywa kwa kazi yake, ao anatukanwa kwa kabila lake na kwa mama yake? Faraghani, ao mbele ya watu? Kazi aliyoifanya imechapwa kwa jina la nani? Yezu aliubeba msalaba, lakini hilo halikumpa Pilato haki. Mtoto aandike kila jambo na tarehe yake, atafute profesa wa pili anayeijua kazi yake, asiende peke yake kwa wakubwa wa chuo.

Na ikiwa mtoto wenu haonewi, ila anakaa pembeni katika labo ileile akimwona mwenzake anachekwa, mwulizeni naye: siku ile alisema nini?