Boga nalo lina baba na mama

Leo naongea juu ya mbegu, hasa kwenu ninyi mulio mbali na mashamba yenu. Familia nyingi zilizokimbia vita zilibeba nguo, sufuria na mbegu kidogo ndani ya kitambaa. Mimi mwenyewe natunza mbegu za maboga za bibi yangu. Alitufundisha kwamba mbegu za boga bora haziliwi, zinawekwa.

Lakini bibi alikuwa akichagua mama tu. Baba aliletwa na nyuki, kutoka shamba lolote la jirani. Ndiyo maana mbegu za boga kubwa zinaweza kuzaa maboga madogo, na watu wakasema udongo umechoka.

Kule Windsor, Nova Scotia, nchini Kanada, mkulima Howard Dill alianza na mbegu alizozikuta kwa baba yake. Kwa miaka mingi alichagua mama na baba pia. Mwaka 1981 boga lake lilifika karibu kilo 224, rekodi ya dunia wakati ule. Aina yake inaitwa Atlantic Giant. Wengine waliendelea na kazi hiyo, na mwaka 2023, huko California, boga moja lilipimwa kilo 1,247. Wakulima hao huandika kila mbegu imetoka kwa mama gani na baba gani. Ni kweli, wanatia pia mbolea na maji mengi, na kuacha tunda moja tu kwenye mmea.

Namna ya kuchagua baba haihitaji pesa. Ua la kike lina kiboga kidogo chini yake; la kiume lina kikonyo kitupu. Jioni, funga kwa uzi maua yote mawili ambayo yatafunguka kesho. Asubuhi mapema chuma la kiume, toa petali zake, paka unga wake ndani ya la kike, kisha ulifunge tena ili nyuki asiingie. Weka alama kwenye tunda hilo. Likikomaa vizuri, kausha mbegu zake kivulini. Hata hivyo hazitafanana zote, kama watoto wa tumbo moja. Kila msimu unachagua tena.

Wale wa Kanada na Marekani walitafuta uzito, wakapata uzito. Nyama ya maboga hayo ina maji mengi na ladha kidogo. Sisi tunatafuta boga tamu, linalokaa miezi bila kuoza, lenye majani laini ya mboga. Basi tuchague kwa hayo.

Na mbegu hizo usiziweke peke yako. Andika jina lake na mwaka kwenye karatasi, gawia jirani wawili au watatu. Siku mmoja akikimbia tena mikono mitupu, mwingine atamrudishia.