Jahazi lililoundwa mlimani

Ukiulizwa mahali pa kwenda kuanza uundaji wa majahazi, bila shaka utataja Lamu. Embu na Meru hutazitaja kamwe. Huko ni nchi ya kahawa, majani chai, miraa na ukungu wa Mlima Kenya. Wapo watoto wengi huko ambao hawajaiona bahari kwa macho yao.

Hata hivyo, nakusihi ufunge safari pamoja na jamaa yako likizo ijayo, mkatafute kipande cha mbao cha kuundia kijahazi kidogo nyumbani.

Kutoka Nairobi hadi Embu ni kama kilomita 130. Ukishapita mashamba ya mpunga ya Mwea, utavuka mto Rupingazi ukiingia mjini. Simama kidogo. Maji hayo huingia mto Thiba, kisha Tana, yakapitia mabwawa ya Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na hatimaye kumwagika katika Bahari Hindi huko Kipini, jirani na visiwa vya Lamu. Mwanao akitupa jani mtoni, ni mabwawa tu yatakayolizuia lisifike kwa mabaharia!

Endelea Runyenjes, Chuka na Nkubu. Kabla ya kuingia mji wa Meru utavuka mstari wa Ikweta. Njiani, waulizie mafundi seremala vipande vilivyosalia walipokuwa wakitengeneza vitanda na kabati. Watakupa mgrevilea, mti uliopandwa mashambani kote. Ukibahatika utapata muuru, mti wa miteremko ya Mlima Kenya ambao mbao yake wengi huiita mwaloni wa Meru. Kwa kuwa mti huo umepungua, usimtume mtu kuukata. Kipande kilichokuwa kikingoja kutiwa motoni kinakutosha.

Sasa nenda katika Jumba la Makumbusho la Meru, lililofunguliwa 1974 katika iliyokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya enzi za ukoloni. Ndipo utakapokumbuka kwamba Wameru wenyewe husema asili yao ni baharini.

Wazee husimulia kuwa mababu zao waliishi Mbwaa, nchi iliyozungukwa na maji. Wakaja watu wa nguo nyekundu, Nguo Ntune, wakawatia utumwani na kuwapa kazi zisizowezekana, kama vile kutengeneza kiatu chenye manyoya pande zote mbili. Chini ya uongozi wa Koomenjoe, walitoroka. Maji yaligawanyika wakavuka kwa miguu: wengine usiku, wengine alfajiri, wengine mchana. Ndiyo asili ya koo nyeusi, nyekundu na nyeupe. Baadhi ya wataalamu, kama Jeffrey Fadiman, wanaihusisha Mbwaa na kisiwa cha Manda, ng'ambo tu ya Lamu.

Naam, watu hao walivuka bahari bila chombo. Kijahazi atakachounda mwanao ndicho chombo walichokikosa.

Pengine utasema huu ni mchezo wa watoto. La hasha! Fikiria mtepe, chombo cha kale cha pwani yetu ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, na tanga lake likawa jamvi la ukindu. Mitepe ilitoweka baharini katika karne ya 20. Wataalamu wanaotaka kujua ilivyoundwa hutegemea sana vielelezo vidogo vilivyochongwa na mafundi wa zamani. Chombo kikubwa kilioza, kile kidogo kikabaki kutoa ushahidi.

Kazi yenyewe si ngumu. Jahazi la mita 15 ukilipunguza mara 50 litakuwa na sentimita 30. Anza na gogo kavu, ulichonge umbo la nje, kisha ulikombe ndani kwa patasi. Omo iwe imesimama wima, na tezi ikatwe bapa kama ilivyo desturi ya Lamu. Sugua kwa msasa. Mlingoti uelekee mbele kidogo, nayo foromali ining'inie mshazari ikibeba tanga la kitambaa cha marekani. Weka jiwe dogo katikati ya ngama, la sivyo litapinduka kwenye beseni.

Ukizoea, acha gogo ujaribu kuunda kwa mkuku, mataruma na vibao vyembamba. Hapo ndipo utakapojua ugumu wa kukunja ubao mmoja!

Wasiopenda mbao wana plastiki. Kampuni ya Airfix ya Uingereza ilianza 1952 kuuza vipande vya kuunganisha meli ya Golden Hind. Lakini si lazima ununue. Mwaka 2018 huko Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake walishusha majini Flipflopi, jahazi la mita 9 lililoundwa kwa plastiki iliyotupwa na kufunikwa kwa ndara kuukuu. Mwaka 2019 lilisafiri hadi Zanzibar. Mtungi uliopasuka na ndara iliyokatika vinaweza kuwa kijahazi badala ya kuishia Rupingazi.

Basi mzazi, jioni moja zima televisheni, keti na wanao sebuleni mkiwa na kisu, gundi na msasa. Huku mkichonga, wasimulie habari za Mbwaa. Hadithi isiyosimuliwa nayo huoza, sawa na mtepe uliotelekezwa ufuoni.