Mhandisi Mgeni na Mambo Yasiyoandikwa

Mhandisi mpya wa programu anapoanza kazi, utambulisho huwa mfupi. Meneja anamsimamisha mbele ya timu, anataja jina lake, chuo alichosoma, lugha za kompyuta anazozimudu na mahali alikotoka. Makofi yanapigwa, kila mtu anarudi kwenye kiti chake. Nimehudhuria vikao vingi vya namna hiyo hapa Dar es Salaam, na naondoka nikiona nusu ya kazi imebaki. Sisi tumemjua mgeni. Yeye hajatujua, wala hajaujua mfumo ambao kuanzia kesho ataugusa kwa mikono yake.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tunampa siku ile ile ya kwanza: kompyuta mpakato, neno la siri, ruhusa ya kuingia kwenye msimbo. Mipaka ya shamba hatumwonyeshi.

Chukua mfumo wa malipo kwa simu. Ombi la kumtumia mteja pesa limekwenda, jibu halijarudi. Pesa imefika au haijafika? Mfumo haujui. Kwa hiyo unasubiri, kisha unauliza hali ya muamala ule ule kwa namba yake ya kumbukumbu kabla ya kuthubutu kutuma tena. Kijana mwenye akili akisoma mistari ya msimbo inayofanya hivyo anaona uzembe: mteja anacheleweshwa bure. Akiifuta, majaribio yote kwenye mashine yake yanaweza kupita salama. Lakini mwisho wa mwezi, mtandao ukilemewa, mtu mmoja atalipwa mara mbili. Ukiisoma mistari yenyewe, huoni kwa nini imewekwa. Wanaojua ni wawili watatu waliowahi kukesha wakitafuta pesa ziliko.

Peter Naur, mwanasayansi wa kompyuta wa Denmark, aliliandika jambo hili mwaka 1985: uhai wa programu uko katika uelewa wa walioijenga, na nyaraka peke yake haziwezi kuurithisha. Timu ikisambaratika, programu imekufa, hata kama seva bado inaiendesha. Miaka 10 kabla yake Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo endeshi wa OS/360 katika kampuni ya IBM, alikuwa ameonya kwamba kuongeza watu kwenye mradi uliochelewa kunauchelewesha zaidi. Sababu moja ni mawasiliano: watu 5 wana jozi 10 za kuelewana. Akija wa 6, jozi zinakuwa 15. Wapo mameneja wanaolichukua onyo hilo wakamwona mgeni kuwa mzigo. Kwangu mimi lina maana nyingine: saa za kumfundisha ni kazi kamili, zipangwe kwenye ratiba, asiachwe akiziomba kama hisani.

Linaloniumiza zaidi ni ukimya. Kijana anafika asubuhi, "shikamoo kaka", anaelezwa jambo harakaharaka, anajibu "sawa kaka", na hajaelewa. Kumuuliza mkubwa mara ya pili anaona ni kumsumbua. Kumuuliza sababu anaona ni kumpinga. Heshima hiyo naipenda, nimelelewa nayo, na sitaki itoke maofisini. Ila mlango wa maswali hufunguliwa na mkubwa. Niliwahi kuona timu yetu ikibadilika pale mkongwe wetu alipoanza kusema mbele ya wadogo: "Hapa sijaelewa, nani anieleze?" Maswali yalimiminika, mengine tukakosa majibu yake. Ndipo tulipotambua kwamba zipo sehemu za mfumo tulizokuwa tukiziogopa tu, na woga ule tulikuwa tukiuita uzoefu.

Nafasi hiyo ya kushangaa na kuuliza haidumu. Baada ya miezi michache mgeni naye anazoea, na kilichomshangaza hakioni tena. Ndiyo maana namsihi kila anayeingia aandike mshangao wake wote, hata ule anaodhani ni wa kijinga.

Wiki ijayo tunampokea binti anayetoka chuoni. Nimeomba kwamba kabla hajagusa mstari hata mmoja, akae asubuhi nzima na dada zetu wa huduma kwa wateja, avae vipokea sauti, amsikilize mama lishe akilalamika kwamba pesa imekatwa na muuza mchele anadai haijafika. Kisha aje atuulize kwa nini mfumo unasubiri, nasi tumweleze mpaka aridhike.