Kufaulu Vema na Kutaka Kurudia

Mtu aliyeanguka mtihani hana shauri gumu: akipata karo hurudia, asipopata hutafuta kazi. Shauri gumu ni la yule aliyefaulu vema, lakini si kwa kadiri ya haja yake. Huyo ana kitu mkononi, naye anatazama kingine kilicho juu kidogo. Jambo hili liliingia nyumbani kwangu mwanzoni mwa mwaka 2025, na kwa kuwa najua limo katika nyumba nyingi, nimeona yafaa nilieleze.

Binti yangu alifanya mtihani wa KCSE mwaka 2024, akapata alama 75 katika 84, yaani daraja la A ya kutoa. Majirani walikuja kutupongeza, nami nikafurahi sana. Lakini mwenyewe hakufurahi. Tangu utoto alitaka kusomea udaktari, na katika kemia alikuwa amepata B tu. Shirika la serikali liwapangialo wanafunzi vyuo, KUCCPS, haliangalii daraja la jumla peke yake. Hutazama pia masomo manne yahusuyo kazi anayoitaka mtu, na alama za juu kabisa za kundi hilo ni 48. Nafasi za udaktari ni chache na waombaji ni wengi. Akaniambia, "Baba, niruhusu nirudie mwaka mmoja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Sikumjibu upesi. Nilichukua kalamu nikaandika gharama. Kwanza, atakaye daraja jipya la jumla hana budi kufanya masomo yote saba tena, wala si kemia peke yake; na yale aliyopata A yaweza kushuka. Pili, masomo ya sayansi yana mtihani wa vitendo katika maabara, kwa hiyo ilikuwa lazima apate shule ya kumpokea, na karo yake. Karo hiyo ingetoka kwa mtamba wangu mmoja, na nyuma yake wako wadogo zake wawili walio shuleni. Tatu, usajili wa mtihani hufungwa mapema katika mwaka, kabla ya kutangazwa nani amepangiwa chuo gani. Basi ilitupasa kuamua tungali gizani.

Ndipo nikamwuliza swali moja: "Mwanangu, alama hizo za kemia ulizipotezea wapi?" Nikamkumbusha kijana wa jirani yetu ambaye miaka iliyopita alishikwa na malaria siku ya mtihani wa vitendo. Katika majaribio yote ya shule alikuwa akipata A, na siku ile ugonjwa ukamnyang'anya. Huyo alirudia, na alifanya vema, maana alijua kilichompotea na mahali kilipopotelea.

Binti yangu akaleta ripoti zake za kidato cha tatu na cha nne, tukazitandaza mezani. Kemia ilikuwa B, tena B, pengine B ya kutoa. Hakuugua, hakukosa mwalimu, hakukosa vitabu. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Baba, hii si bahati mbaya. Hii ndiyo kemia yangu."

Hakurudia. Aliomba shahada ya uuguzi, akapangiwa, na sasa yumo chuoni. Sisemi kwamba huzuni yake ilikwisha siku ile. Hata leo akikutana na wanafunzi wa udaktari wodini moyo humwuma, nami huumwa pamoja naye. Lakini anasoma kwa bidii, na wadogo zake hawajafukuzwa shule kwa karo.

Zamani kijana wa Kenya aliyetaka elimu ya juu bila kuvuka bahari alikuwa na mlango mmoja tu, Makerere. Hata Royal Technical College ya Nairobi ilianza kupokea wanafunzi mwaka 1956. Siku zile kuukosa mlango ule kulikuwa kuikosa safari. Leo milango ni mingi. Aliyepangiwa chuo aweza kuomba uhamisho, na wapo walioanza na stashahada wakafika shahada.

Kwa hiyo, wazazi wenzangu, mtoto aliyefaulu akitaka kurudia, msimkatalie kwa hasira wala msimkubalie kwa sababu ya maneno ya majirani. Mwulizeni alichopoteza, mahali alipokipotezea, na kitu gani kitabadilika mwaka huu ambacho hakikuwapo mwaka jana. Akijibu kwa ushahidi, uzeni mtamba. Asipoweza kujibu, na aende mbele na alicho nacho. Mtihani waweza kurudiwa, lakini mwaka wa ujana haurudiwi.