Barua kwa Zuhura, kabla ya kikao cha Jumatatu

Makorora, Tanga
Ijumaa, baada ya Alasiri

Mwanangu Zuhura,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Mara ya kwanza mama yako alikuwa jikoni kwangu anakuna nazi, tukausikiliza pamoja, kwa hiyo usijisumbue kumficha. Yeye ndiye aliyesema nikuandikie kwenye karatasi, maana kwenye simu ungeanza kunijibu kabla sijamaliza. Na najua ataisoma kabla sijaibandika bahasha. Haya, na asome, hakuna la siri humu.

Sisi hatujambo. Mvua za vuli zimenyesha siku mbili, zikakoma. Mguu wa mama yako umepungua uvimbe, ila kukaa chini hataki; jana nimemkuta juu ya kigoda anafuta tandabui. Binti wa mjomba wako amechumbiwa, posa imepokelewa, sasa wazee wanavutana kuhusu mahari kana kwamba wao ndio wanaoolewa. Konda wa basi la kesho asubuhi nitamkabidhi barua hii na mfuko wako: mna dagaa, mkate wa kumimina na kopo la achari ya ndimu. Mkate uanze kuliwa siku hiyohiyo.

Tuje kwa kijana wako.

Nimeelewa hivi: Kidato cha Pili, watoto 68, kipindi cha mwisho kabla ya mapumziko, ukamwambia afute ubao, naye hakuinuka. Ukarudia. Akakujibu, "Futa mwenyewe, si ndiyo kazi unayolipwa." Darasa likaangua kicheko, ukatoka na chaki mkononi moja kwa moja hadi kwa mwalimu wa nidhamu. Sasa unataka Jumatatu kikao kimsimamishe wiki mbili. Na ukaniambia, kwa sauti ya mtu aliyelia: "Shangazi, kumpiga siwezi, kwa hiyo kilichobaki ni hicho tu."

Kwanza nikupongeze kwa hilo la kutopiga. Kanuni zinaruhusu viboko, visizidi vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule na viandikwe kwenye kitabu, lakini wewe na mimi tunajua ni vingapi vinavyoandikwa. Ulikuwa bado unasoma mwaka 2016 picha za ile shule ya Mbeya zilipozagaa nchi nzima: walimu waliokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha wamemzunguka mwanafunzi mmoja ofisini, ngumi na mateke. Kilichoelezwa kuwa chanzo ni zoezi la Kiingereza. Wale vijana walikuwa rika lako la leo, na sidhani kama hata mmoja wao aliamka asubuhi ile akiwa na nia ya kuumiza mtoto. Hasira ya kudharauliwa mbele ya watu iliwapeleka, na ualimu wao wakaupoteza kabla hawajauanza. Ukitoka nje na chaki mkononi badala ya kurusha ngumi, umefanya jambo kubwa.

Lakini barua ya kumsimamisha mtoto nayo inaumiza, mwanangu, ila yenyewe haitoi sauti. Nakwambia kwa sababu nimeziandika nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Mwaka 2006 nilikuwa mwalimu wa nidhamu, na nafundisha Jiografia. Shule za kata zilikuwa zinachipuka kila mahali, watoto walimiminika sekondari kuliko madawati. Nilikuwa na kijana mmoja wa Kidato cha Pili, mrefu, mkimya, sare yake imefupia mikononi. Siku hiyo nilikuwa nawasomesha kwa zamu, kila mmoja aya yake. Ikafika kwake. Nikamwambia asimame asome. Hakusimama. Nikamwendea hadi kwenye dawati. Kitabu kilikuwa wazi mbele yake, ukurasa wenyewe, kidole kimekaa kwenye mstari unaotakiwa. Akasema kwa Kiswahili, bila kuniangalia: "Sisomi."

Mimi ni mtu wa Tanga, Zuhura, nimelelewa kwamba mtoto hasemi hivyo kwa mkubwa. Mkono uliniwasha. Sikumpiga, nikajiona muungwana kweli. Nikaenda ofisini, nikaweka karatasi ya kaboni kati ya karatasi mbili, nikaandika: amesimamishwa masomo siku 21 kwa utovu wa nidhamu, arudi na mzazi. Nakala moja yake, nyingine ya faili. Mkuu wa shule akaweka sahihi bila kusoma, alikuwa anahesabu mifuko ya saruji.

Hakurudi. Mama yake alikuja mara moja, akasimama mlangoni na beseni lake la vitumbua, akasema mtoto anaona haya, mwalimu amsamehe. Nikamjibu aje mwenyewe. Kumbe wiki ya pili tu kijana alishapata kazi Sahare, anavuta kamba za mashua ya dagaa, jioni anarudi na hela mkononi. Nani angeziacha arudi kukaa na watoto wa kumcheka? Siku 90 zilipopita bila kuonekana, jina lake likapigwa mstari mwekundu kwenye rejista, pembeni pameandikwa: mtoro. Mwandiko ni wangu. Nilimfukuza kwa mkono wa kulia, na kwa mkono uleule nikamwandika kuwa ametoroka.

Miaka mingi baadaye, karibu na kustaafu kwangu, nilishuka Sahare kununua samaki changu. Mtu mzima mmoja mwenye ndevu akanisalimu, "Shikamoo, mwalimu." Ndiye. Ana mashua yake, ana watoto watatu. Tukazungumza ya huku na huku, mwisho nikashindwa, nikamuuliza: siku ile ulikuwa na nini? Akacheka. Akasema kulikuwa na neno "plateau". Alikuwa amehesabu wanafunzi waliobaki, akajua aya itakayomwangukia, na neno hilo limo mara tatu. Hajui linatamkwaje. Angelisoma vibaya, jina hilo lingekuwa lake hadi Kidato cha Nne. Asiposoma, atafukuzwa. "Nikaona kufukuzwa ni nafuu, mwalimu." Kisha akaniuliza, "Hivi, linatamkwaje?"

Nilimwambia. Akarudia mara mbili, akanifungia samaki, hela akakataa.

Usidhani nakwambia kila mtoto mkaidi ana siri ya kukuliza. Wapo waliolelewa vibaya, basi. Lakini fikiria hali yenyewe ya hao ulionao. Miaka saba wamesoma kila kitu kwa Kiswahili, hesabu, sayansi, vyote. Wanaingia Kidato cha Kwanza, wanapewa wiki chache za kuzoeshwa Kiingereza, halafu masomo karibu yote yanageuka lugha. Mtoto aliyekuwa wa tatu darasani kijijini kwao anakuwa bubu. Bubu mwenye miaka kumi na tano atafanya nini ili asionekane mjinga? Atajifanya jeuri. Jeuri huogopwa, mjinga huchekwa. Na wewe unafundisha Baiolojia, tena unaisema vizuri kuliko wote pale. Mchunguze kijana wako kwa jicho hilo kabla ya Jumatatu. Ulimwambia afute ubao. Je, kabla ya hapo ulimuuliza nini?

Hata ukikuta hakuna lolote, bado wiki mbili nazikataa. Neno lenyewe, utovu wa nidhamu, ni gunia. Mwizi anatiwa humo, aliyempiga mwenzake humo, aliyechelewa namba, aliyejibu vibaya, aliyenyamaza alipotakiwa kujibu. Gunia likifungwa hakuna anayejua limebeba nini. Kanuni za mwaka 2002 za kuwaondoa wanafunzi shuleni zinazungumzia utovu wa nidhamu wa kurudiarudia tena wa makusudi, wa kuhatarisha nidhamu ya shule nzima. Yasome maneno hayo polepole. Wa kurudiarudia. Huyu amekujibu mara moja. Na mwenye uamuzi ni mkuu wa shule na bodi, si mwalimu aliyeudhika, na naona aliyeweka utaratibu huo aliwahi kukaa darasani.

Halafu kalenda. Tuko Oktoba. Upimaji wa Kidato cha Pili ni Novemba. Wiki mbili mnazomwondoa ndizo za marudio. Akifeli atakariri, atakuwa mkubwa zaidi, na mwakani atakuwa na sababu nyingine ya kutosimama. Tena baba yake, umesema, yuko mashamba ya mkonge tangu alfajiri. Kwa hiyo siku hizo kumi na nne atakuwa na nani? Ninyi mtakuwa mmeosha mikono, yeye yuko stendi.

Binamu yako aliye California aliniambia huko kwao jambo hili limefika hadi bungeni, nikadhani ananitania. Kumbe kweli. Watoto walikuwa wanasimamishwa shule kwa kosa linaloitwa ukaidi tu, wa kujibu, wa kutotii mwalimu. Wilaya ya shule za Los Angeles ikaacha mwaka 2013, mwaka uliofuata jimbo zima likakataza kwa watoto wadogo hadi darasa la tatu, wakaendelea kupandisha, na tangu Julai 2024 ni hadi darasa la 12. Mwalimu bado anaweza kumtoa mtoto kwenye kipindi chake, ila kumrudisha nyumbani kwa ukaidi peke yake haiwezekani. Sababu kubwa ni kwamba walipohesabu, watoto weusi walikuwa wanaondolewa kupita idadi yao. Yapo yao mengine yasiyotufaa, sisemi tuige. Lakini hesabu ile inafaa. Hebu fungua faili hapo shuleni kwenu uangalie waliosimamishwa tangu Januari. Ni wangapi ambao baba zao wanakuja kikaoni na gari?

Najua utasema, Shangazi, na hao 67 wengine? Hilo ndilo swali lenye haki zaidi, na ndilo lililonifanya niandike barua zile. Watoto waliokuja kusoma hawawezi kusubiri mmoja amalize kiburi chake, na mwalimu aliyechekwa akirudi kinyonge, darasa lile limekwishamtoka. Kwa hiyo sisemi aachwe. Mtoe darasani, usimtoe shuleni. Akae chumba cha walimu au pale chini ya mwembe penye kivuli, na daftari, na kazi ileile wanayofanya wenzake, kipindi kizima, siku tatu hata nne. Wavuvi wa Sahare hawamtupi baharini kijana aliyekosea kukunja nyavu. Wanamkalisha tezi mpaka azikunje sawasawa. Na kama siku moja mtoto atakuja na kisu, au atamwinulia mwalimu mkono, hapo usiniulize mimi, nenda kwa mkuu wa shule na mzazi aitwe siku hiyohiyo. Kisu na mdomo visiwe na adhabu moja.

Nitakwambia na lako wewe, usinune. Una miaka 24, umewekwa mbele ya vijana unaowapita miaka tisa, na kwa woga umeanza kuzungumza kama askari wa getini. Nimekusikia kwenye ule ujumbe ulivyomwigiza: "Wewe! Wewe! Inuka ufute." Ana jina. Umenitajia majina ya walimu wenzako wote, lake hukulitaja.

Jumamosi au Jumapili mchukue mwalimu wa malezi, mwende hadi kwao. Msiende na barua, nendeni kama wageni. Utajua mengi kwa kuangalia wanakaa wapi na anasomea taa gani. Jumatatu kwenye kikao uwe wa kwanza kusema, kabla mwalimu wa nidhamu hajatoa kalamu, maana kalamu ikitoka haina pa kurudi. Sema hutaki asimamishwe, unataka akuombe radhi, ofisini, wewe na yeye na mwalimu wa malezi. Mbele ya darasa usimwombeshe. Jumanne ukimaliza kipindi mwite kwa jina lake, taratibu, mpe dasta. Akifuta, wale 67 watakuwa wameona yote wanayohitaji kuona. Akikataa tena, nipigie usiku, tutafikiri upya. Sitakuwa nimeshindwa na wewe hutakuwa umeshindwa.

Na muda wa saa kumi, watoto wakishaondoka, mkalishe akusomee ukurasa mmoja wa Baiolojia kwa sauti, mko wawili na mlango uko wazi. Usimsahihishe siku ya kwanza.

Mama yako ameshafika, anauliza mbona nimeandika kurasa nyingi hivi na hajaona salamu zake. Anakusalimu. Anasema usilale bila chandarua, na konda asikutoze kitu, nimeshamlipa. Kopo la achari lirudi, ni la seti.

Ni mimi shangazi yako,
Bi Mwanahamisi