Injini Iliyochemka: Tufungue Mpaka Wapi?

Katika nchi zetu hizi ni nani asiyeijua Peugeot 504? Imebeba mihogo, imebeba maharusi, imebeba wagonjwa. Lakini wengi wamesahau ya kuwa jina lake lilikua pia katika mashindano. Safari Rally ya Afrika ya Mashariki ilianza mwaka 1953. Peugeot 404 ilichukua ushindi mwaka 1963, na tena 1966, 1967 na 1968. Ndugu yake 504 akafuata mwaka 1975 na 1978. Katika ile ya 1963, na katika ile ya 1968 vilevile, motokari saba tu zilifika mwisho. Anayefika si mwenye mbio peke yake. Ni yule ambaye injini yake imekubali kuteswa.

Shemeji yetu, mume wa dada yetu, akaa ng'ambo ya mpaka, katika Uganda, naye hushindana kwa 504 kuukuu ya silinda nne. Siku moja matope yaliziba rejeta yake, na mpira wa maji ukapasuka. Mshale wa joto ulipanda mpaka kwenye nyekundu, kisha ukashuka wenyewe. Yeye akadhani injini imepoa, akaendelea karibu kilomita mbili, mpaka nguvu ikamwishia mlimani.

Hapa yafaa tueleze jambo moja, maana limewadanganya wengi. Kipimo kile hupima joto la maji, wala si la chuma. Maji yakiisha, kipimo chabaki kikining'inia katika mvuke au katika hewa tupu, na mshale hushuka wakati chuma kinazidi kuungua. Kwa hiyo tulipofika kwake wakati wa likizo, hatukumwuliza mshale ulifika wapi. Tulimwuliza alikwenda kwa muda gani baada ya mshale kushuka.

Shindano jingine lilikuwa limebakiza wiki tatu. Fedha aliyokuwa nayo mkononi ilitosha kununua gasketi na kulipa kazi ya kusawazisha kichwa cha injini, kile ambacho mafundi wetu wa Kongo hukiita kulasi. Fedha nyingine ya nyumba ilikuwa karo ya watoto watatu, nayo dada yetu alikwisha kuifungia sandukuni. Fundi mmoja alimshauri abadilishe gasketi tu, aende zake. Mwingine alimwambia avunje yote mpaka krenki, aweke kila kitu kipya. Sisi tuliona wote wawili wamehukumu kabla ya kusikia mashahidi; wa kwanza alisema kwa haraka, wa pili kwa hofu, na hofu ya fundi hulipwa na mwenye motokari. Tukapatana tufungue mlango mmoja mmoja, tupime, na kabla ya kila mlango tuandike ni kipimo gani kitakachotupeleka kwenye mlango wa pili.

Kabla ya kulegeza hata boliti moja tulisukuma hewa ya kompresa ndani ya kila silinda, pistoni ikiwa juu kabisa. Ya kwanza na ya nne zilishika vema. Ya pili na ya tatu zilitoa mapovu katika mdomo wa rejeta. Kisha tukamwaga oili: haikuwa nyeupe kama maziwa. Tukapasua filta, tukakunjua karatasi yake juani, wala hatukuona chembe za chuma zinazometameta. Maji hayakuwa yamefika kwenye beringi, na habari hiyo ilikuwa na thamani kubwa kuliko shauri lolote tulilolisikia.

Ndipo tukatoa kulasi. Ni ya alumini, ilhali boma la injini ni la chuma, na alumini ikipata moto hurefuka karibu mara mbili ya chuma. Kulasi ya sentimita 40 ikipata digrii 100 zaidi hutaka kurefuka karibu milimita 0.9, lakini imefungwa kwa boliti, haina pa kwenda, basi yapinda. Tuliweka rula ya chuma juu yake na kupitisha vibati vyembamba vya kupimia. Tulikuwa tumeandika milimita 0.05 kuwa mwisho wa uvumilivu wetu, tukapata 0.15. Tukaipeleka mjini kwenye karakana yenye mashini ya kukandamiza kidude kigumu juu ya madini, maana alumini iliyoungua sana hupoteza ugumu wake, na kulasi laini haifai hata ikisawazishwa kama kioo. Yetu ilikuwa bado ngumu. Dawa nyekundu ya kutafutia nyufa haikuonyesha ufa kati ya vali. Kwa bahati, katika injini hii kemshafti hukaa chini, ndani ya boma. Ingekuwa juu ya kulasi, mashimo yake nayo yangepinda, na kusawazisha upande wa chini peke yake kusingetosha.

Shemeji akafurahi. Akasema, “Shemeji, kulasi imepona. Tufunge, twende mbio.”

Sasa twafika penye ugumu wenyewe. Pistoni za 504 hupanda na kushuka ndani ya mitungi ya chuma inayoweza kuchomolewa, nayo yazungukwa na maji. Mafundi huiita shemizi, kwa Kifaransa maana yake shati, na kweli huvalishwa injini kama shati. Kila shemizi hukalia gasketi ndogo chini, na juu yatakiwa kutokeza kidogo sana kupita boma, ili kulasi iibane. Tulikuwa tumezibana kwa vyuma tangu kulasi ilipotoka, wala hatukuzungusha krenki, zisije zikainuka. Tulipopima, ya pili na ya tatu zilikuwa zimezama kuliko wenzake. Gasketi zao za chini zilikuwa zimepikwa.

Dada yetu alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Akatuuliza, “Kaka, niambie neno moja tu: mkifunga hivi, itavunjika au haitavunjika?”

Tulimjibu kwamba hilo hatuwezi kulijua. Katika motokari ya kwenda sokoni pengine ingedumu. Lakini katika mashindano gasketi ile ikiachia, maji yataingia katika oili, beringi zitakufa katika dakika chache, na krenki itazifuata. Hapo hata sanduku lote la karo halitatosha. Shemizi zikitoka, pistoni nazo zatoka, na ringi zake zaonekana. Ringi iliyoshikwa na joto hupoteza mkazo wake: ukiilaza mezani karibu na mpya, mwanya wake huwa mdogo. Zetu zote nne za juu zilikuwa hivyo. Pistoni zenyewe hazikuwa na mikwaruzo, tukaziacha. Bei ya ringi na gasketi za chini ilikaribia sana ada ya kuingia katika shindano pamoja na petroli yake. Shemeji alinyamaza mpaka jioni. Kisha akaandika barua ya kujitoa, na sanduku halikufunguliwa.

Yule fundi wa pili bado alitaka krenki itolewe. Tulichunguza beringi ya silinda ya pili, iliyoteseka kuliko zote. Uso wake ulikuwa wa kijivu, sawasawa, bila mkwaruzo. Tukairudisha mahali pake na kusimama hapo. Kukifungua kilicho kizima ni kukiingizia mchanga.

Rejeta ilioshwa kutoka nyuma kwenda mbele mpaka maji yakatoka meupe. Injini iliwashwa, ikapata moto, ikaachwa ipoe usiku kucha, na asubuhi boliti za kulasi zikakazwa tena kwa mpango wa kitabu. Shemeji ameongeza kipimo cha pili, kilichofungwa katika chuma chenyewe cha kulasi badala ya maji, pamoja na taa nyekundu. Dada yetu ndiye aliyechagua mahali pa taa hiyo: mbele ya msoma ramani, si mbele ya dereva.