Filimbi ya Bwana Balozi

Ukishuka stesheni ya Muheza miaka ile, pua ilifika mjini kabla ya miguu. Upepo wa asubuhi ulileta uchachu wa makapi ya mkonge kutoka korona, mashine ya kukamulia mkonge, kisha ukageuka kidogo ukaleta harufu ya machungwa yaliyomwagwa sokoni juu ya majani ya migomba. Tufuate njia hii ya vumbi. Tumpite fundi cherehani barazani, tumpite mama wa vitumbua anayegeuza kwa kijiti, tufike kwenye mfenesi mkubwa. Chini yake kuna benchi la mbao lisilo na mgongo. Hapo ndipo alipokaa babu yangu.

Wazee wenzake walimwita Keya, kwa kuwa alikuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Wengine walimwita Bwana Balozi, maana TANU ilipoanzisha nyumba kumi kumi, mtaa ulimchagua yeye kuwa balozi. Alikuwa miongoni mwa askari wa Afrika Mashariki walioshuka bonde la Kabaw, kule Burma, katika mvua kubwa za 1944 hadi mto Chindwin. Habari za vita hakuzisimulia. Mawingu yakifunga juu ya Usambara alisema tu, "Hii si mvua, wajukuu zangu," akaendelea kunoa jembe.

Kutoka jeshini alibaki na filimbi ya bati, imefungwa kwa uzi wa katani shingoni. Mlio mmoja mrefu, kuna msiba. Miwili, moto. Mifupi mitatu, mkutano. Nikiisikia ile mitatu jioni nilijua kazi yangu: kutandika mkeka chini ya mfenesi na kufuta vumbi kwenye redio.

Mwaka 1973 mifupi mitatu ililia kila wiki. Ilikuwa kampeni ya Mtu ni Afya, ya usafi na vyoo, na Radio Tanzania ilitoa vipindi kwa wiki 12. Akina mama walikuja na watoto migongoni, wanaume wakichuchumaa pembeni wakitafuna miwa. Aliyejua kusoma alisoma kitabu cha kampeni kwa sauti, kisha redio, kisha mabishano. Babu hakuhutubia. Alingoja maneno yaishe, akauliza, "Haya, kesho tunaanza kwa nani?"

Tulianza kwa mjane wa nyumba ya pili, ambaye hakuwa na mtu wa kumchimbia choo. Babu alileta kamba ya mkonge yenye mafundo, fundo moja kila pima, na jiwe mwishoni. Vijana walichimba kwa zamu, udongo mwekundu ukipanda kwa debe. Kila wakidai shimo limetosha, aliteremsha lile jiwe polepole, akahesabu mafundo kwa kidole gumba, akatikisa kichwa. Mara ya tatu alivua kanzu, akaikunja vizuri, akanipa niishike, akashuka mwenyewe. Alikuwa amepita miaka hamsini. Nilisimama ukingoni na kanzu yenye harufu ya sabuni ya mche na tumbaku, nikisikia sururu ikigonga chini kama moyo wa mtu. Hadi leo neno uongozi kwangu lina harufu ya udongo ule.

Alikuwa na daftari la jalada gumu la buluu. Humo aliandika kila kitu kwa penseli aliyoichonga kwa kisu: nani kafiwa na nani katoa nini, nani kaazima sururu, mtoto wa nani hajaandikishwa shule. Vita vya Kagera vilipoanza 1978, kurasa zilijaa kuku, madebe ya mahindi na magunia ya machungwa yaliyotolewa na watu wenye kidogo. Vijana wa mtaa walioondoka aliwasindikiza mmoja mmoja, akawapa usia ule ule: soksi ziwe kavu. Ndipo nilipojua kidogo juu ya Burma.

Alifariki miaka michache baadaye, msimu wa machungwa. Mjane yule ndiye aliyeipuliza filimbi, mlio mmoja mrefu, na korona iliendelea kunguruma mbali.

Daftari ninalo mimi. Rambirambi za msiba wake zimo humo humo, kurasa nne, kwa mwandiko wa mtu mwingine.